Habari ya Kumfurahisha Bibi

Kila siku, Bibi Mwanakuu akishasali alasiri, mjukuu wake Ruweida alikaa naye kibarazani, nyumbani kwao Mji wa Kale, akamsomea habari kwenye simu ya mama. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemtia Bibi ukungu wa macho. Masikio yake, lakini, hayakuwa na kasoro, na mambo ya dunia aliyataka yote.

Basi mwaka ule wa 2023 dunia haikuwa na huruma. Februari, ardhi ilitetemeka Uturuki na Syria, watu wakafukiwa na nyumba zao wenyewe. Septemba, mafuriko yakaufagia mji wa Derna kule Libya. Bibi alilia, akasukuma sahani ya chakula. Chombo cha India kilipotua mwezini alifurahi, lakini furaha yenyewe haikudumu.

"Huna hata habari moja njema, mamangu?" aliuliza alasiri moja.

Ruweida alimwonea huruma. Akaitazama simu, akasoma yasiyokuwemo: "Wanasayansi wamegundua kwamba maji ya ukwaju yanaponya ugonjwa wa sukari."

"Alhamdulillahi!" Bibi akacheka, akaomba chakula. Ruweida naye akajiona mtu mwema kweli. Alisahau kwamba njia ya mwongo ni fupi.

Siku zikapita. Bibi alijikwaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akachubuka kidole cha mguu. Kidonda kikageuka cheusi, kikaanza kunuka, naye akakifunga kitambaa bila ya kumwambia mtu. Mama alipokigundua, homa ilikuwa imempanda Bibi. Ndani ya kijaluba chake cha tambuu, vidonge vya sukari vilikuwa vimejazana, havijamezwa.

Hospitalini daktari hakuficha. Mguu ulikuwa umeoza. Usipokatwa, na sukari isiposhushwa kwa sindano, Bibi angekufa.

"Sidungwi, wala sikatwi," alisema Bibi kwa sauti iliyofifia. "Dawa yangu ni ukwaju."

"Nani aliyekudanganya, mama?" aling'aka mwanawe, Mjomba Athmani. "Ni yule Mejumaa auzaye ukwaju Makadara? Namwendea sasa hivi!"

"Mejumaa hana kosa. Ni habari ya wataalamu. Ruweida alinisomea, na Ruweida hanidanganyi."

Mjomba Athmani alikuwa mwepesi wa hasira, na mama alikuwa amesimama pale pale. Ruweida angeweza kunyamaza. Lakini akinyamaza, Bibi angekufa huku akimwamini.

"Bibi," alisema akilia, "habari ile haikuwako. Niliitunga mimi. Nilitaka ucheke."

Mama alijifunika uso kwa mtandio. Bibi alipapasa kitandani mpaka akaupata mkono wa Ruweida, akaushika.

"Mwiteni daktari," alisema.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Bibi alipona, ila hakwenda tena kibarazani kwa miguu yake. Ruweida alingoja kuchapwa, na hakuna aliyemchapa. Hilo lilimuuma zaidi.

Novemba, mvua kubwa zikinyesha, Bibi alimwita kitandani. "Njoo unisomee."

"Siwezi tena, Bibi."

"Utaweza. Sikiza, mwanangu. Habari mbaya nimezililia miaka yote, na hazijaniua. Iliyotaka kuniua ni ile nzuri, kwa kuwa haikuwa ya kweli. Mimi sina macho, nimeazima yako. Jicho la kuazima likisema uongo, mwenye kuliazima hutumbukia shimoni. Ukikuta baya, lisome vivyo hivyo, kisha ukae tulie pamoja. Na usilolijua, sema hulijui."

Ruweida alifungua simu. Habari ya kwanza ilikuwa ya mafuriko, ya watu waliohama makwao na wengine waliochukuliwa na maji. Aliisoma yote, neno kwa neno, na kila alipoinua macho aliiona shuka ya Bibi, mahali ilipolala bapa pasipo na mguu.