Nilimkabidhi Mwanangu kwa Shoga wa Wifi Yangu

Nina miaka thelathini na minne, mkulima wa mpunga, mkazi wa Mbwera huku delta ya Rufiji. Naandika mkasa huu nikiwa na hasira, sitaki kuwadanganya. Watu wananiambia nisamehe, nimwachie Mungu... Nimemwachia, lakini mdomo na mimi ninao!

Na wewe Zuhura, wifi yangu, najua haya yatakufikia huko ulikokimbilia. Kaa vizuri usikilize.

Nilikuwa na watoto wawili. Rehema, wa miaka tisa, na mdogo wake Shabani, ambaye alikuwa hajatimiza mitatu. Baba yao anafanya biashara ya boriti za mikoko, siku nyingi yuko Nyamisati. Mimi mpunga ukianza kuiva nahamia shambani, nakaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, nafukuza ndege mchana kutwa. Ndivyo tunavyoishi huku. Watoto huachwa kijijini kwa ndugu, na wangu niliwaacha kwa Zuhura, dada wa mume wangu. Ningemwamini nani zaidi ya shangazi yao?

Siku hiyo jua lilikuwa la utosini. Nikaona mtumbwi unakuja mbio, jirani yetu anapiga kasia huku analia. Sikumuuliza kitu. Nilishuka dunguni nikaanguka kwenye matope, nikainuka, nikaanguka tena...

Shabani wangu alikuwa amelazwa ukumbini kwa shangazi yake, amefunikwa kanga. Maji yalikuwa yamejaa, mtoto akateleza kwenye mto ulio nyuma ya nyumba. Zuhura alikuwa anajigaragaza chini. Akasema mbele ya watu wote kwamba yeye alikuwa anaswali adhuhuri, na mtoto alimwachia Rehema, na Rehema akaenda zake kucheza.

Jamani, hapa ndipo ninapoona aibu kuandika. Nilimshika Rehema mabega, nikamtikisa, nikapiga kelele: "Umeniulia mwanangu!" Mtoto wa miaka tisa! Watu wakanitoa mikono. Rehema alinitazama tu, na tangu hapo hakusema tena neno. Si siku ya maziko, si wiki ile, si mwezi ule.

Shuleni alikaa kama kiti. Nyumbani alikula kidogo, akajikunyata pembeni. Bibi wa jirani alisema kapatwa na shetani wa majini, tukafukiza ubani mpaka macho yakatuvimba, wapi! Muuguzi wa zahanati ndiye aliyenifungua macho. Alisema mtoto ameumia moyoni, anahitaji kukaa na mtu aliyesomea kuzungumza na watoto. Akaniambia twende hospitali ya wilaya, niulize watu wa ustawi wa jamii, wao watanielekeza.

Ningemsikiliza! Ningeondoka kesho yake!

Lakini nilimweleza Zuhura. Akanikatiza hata sijamaliza. Ya nini kwenda kupanga foleni, kuhojiwa na watu usiowajua, siri za familia zimwagwe kila mahali? Yeye ana shoga yake Kibiti, Madam Husna, amesomea mambo hayohayo Dar es Salaam, tena ana ofisi. Akampigia simu palepale. Nilimkumbatia wifi yangu siku ile, nikalia begani mwake. Nilimwita dada.

Tukavuka hadi Nyamisati, tukapanda gari mpaka Kibiti, tukafikia kwa mama yangu mdogo. Ofisi ya Madam Husna ilikuwa chumba cha uani, nyuma ya duka la vipodozi. Nje pana kibao kikubwa: USHAURI NASAHA KWA WATOTO NA WANANDOA. Ndani pana zulia, madoli mawili, na cheti cha Kiingereza kwenye fremu ya dhahabu. Mimi Kiingereza sikijui. Nilikiona kile cheti nikaona nimefika.

Hakuniuliza chochote kuhusu mwanangu. Hakuuliza alizaliwaje, analalaje, anapenda nini, alianza kunyamaza lini. Alisema Zuhura kashamweleza yote. Kisha akaniambia nikae dukani kule mbele, na mtoto akitoka nisimuulize walichozungumza, nitaharibu dawa.

Nikakubali! Nikakubali bila kinyongo, na kosa hili ni mtu wa kwetu tu anayeweza kulifanya. Huku kwetu msichana akivunja ungo anaingizwa ndani, anakabidhiwa kungwi. Kungwi ndiye anayemfunza. Mama mzazi kazi yake ni kupika na kungoja nje, haulizi binti kaambiwa nini, kuuliza ni aibu. Mimi mwenyewe nilifunzwa hivyo, mama yangu hakuuliza, na nilitoka salama. Basi nikamchukua Madam Husna nikamfanya kungwi wa mwanangu. Pazia likashushwa, nikageuza mgongo.

Nilisahau kwamba kungwi tunamjua. Tunajua nyumba yake, tunamjua hata aliyemfunza yeye. Huyu nilimjua kwa kibao.

Mara ya kwanza Rehema alitoka ametota jasho. Mara ya tatu alinishika gauni, hataki kuingia, nikambandua vidole kimoja kimoja nikimwambia ni kwa faida yake. Mara ya tano akaanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha tangu ana miaka mitatu. Nilipomwambia Madam, alicheka. Eti uchafu unatoka, nisihofu.

Baada ya mara ya sita, Rehema akasema!

Tulikuwa uani kwa mama mdogo, napepeta mchele. Akaja akasimama mbele yangu, mikono nyuma, akasema: "Mama, nisamehe. Mimi ndiye niliyemwacha Shabani. Shangazi alikuwa anaswali." Ungo ulinitoka mikononi. Mama mdogo akapiga vigelegele. Nikampigia Zuhura, naye akapiga vigelegele simuni, akasema unaona, nilikwambia! Nikamshukuru tena. Mjinga mimi!

Maana furaha ile haikufika mbali. Mtoto alisema maneno yaleyale kesho yake. Na kesho kutwa. Yaleyale, kwa mpango uleule, kama anayesoma ubao wa chuoni kwa hofu ya bakora. Ukimuuliza kingine chochote, unataka uji, unataka kulala, kimya. Mama mdogo ndiye aliyeanza kuguna. "Mwanangu," aliniambia, "huyu hajapona. Huyu kafundishwa."

Siku iliyofuata nilimpeleka kama kawaida, lakini sikukaa dukani. Nilizunguka kwa nyuma, nikasimama ubavuni mwa dirisha. Niliona kama nafanya dhambi. Na haya ndiyo niliyoyasikia kwa masikio yangu:

"Shangazi alikuwa wapi?"

"Anaswali."

"Na nani alikutuma dukani?"

Kimya. Kisha nikasikia kofi, au rula juu ya meza, hadi leo sijui.

"Hakuna aliyenituma," mwanangu akasema.

Dukani? Duka gani? Katika miezi yote ile hapakuwa na mtu aliyewahi kutaja duka. Zuhura hakutaja, mimi sikuota. Huyu mwanamke wa Kibiti, ambaye hajawahi kukanyaga Mbwera, habari za duka kazitoa wapi?

Mkono wangu ulishika mlango... nikauachia. Nikarudi mbele, nikajikohoza, nikamchukua mwanangu, nikamwambia Madam asante, Mungu akubariki. Nilitabasamu! Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yeye wakati natabasamu.

Kesho yake nikamwacha Rehema kwa mama mdogo, nikarudi Mbwera peke yangu. Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Mbaruku mwenye duka, yeye ana sola na hutuchajia simu. Nikamuuliza, siku ile alipokufa Shabani, alimwona mwanangu? Mzee akanishangaa.

Akasema kumbe hujui? Rehema alikuwa hapahapa dukani. Shangazi yake alimtuma kuchaji simu, akamwambia asiondoke mpaka ijae isije ikaibiwa. Kelele za msiba zilipopigwa, mtoto alikuwa amekaa kwenye lile gunia, simu mkononi. Mzee yeye alifika mazikoni tu, ya ukumbini hakuyasikia, na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, akadhani wenyewe tunajua.

Nilikaa juu ya gunia lile nikalia mpaka sauti ikakauka.

Hitima ya Shabani ilikuwa imebaki siku tisa. Siku tisa niliuchunga ulimi wangu! Nilipika na Zuhura, nikachambua naye mchele, nikamwacha aniite Mama Rehema kipenzi. Nikamwomba amwalike na Madam Husna, tumshukuru mbele ya ukoo. Akafurahi mno. Huyo Madam akaja kweli, kajifunga mtandio wa kung'aa, akakaa kwenye mkeka wa mbele.

Dua ilipokwisha, kabla sinia hazijatolewa, nikavuka pazia nikaingia kwa wanaume. Kwetu mwanamke hafanyi hivyo. Minong'ono ikaanza, mume wangu akanikata jicho. Nikasema, shekhe niwie radhi, nina jambo moja tu. Nikamwomba Mzee Mbaruku asimame aseme Rehema alikuwa wapi siku ile.

Akasema. Neno kwa neno.

Nikarudi upande wa wanawake nikamtazama Zuhura. Nilisema: "Sasa waambie watu, wewe ulikuwa wapi?"

Alianza kuapa. Kisha akamtazama shoga yake, na shoga yake tayari anatafuta viatu. Hapo Zuhura akavunjika. Alikuwa amelala, jamani. Amelala tu! Usingizi wa adhuhuri ulimpitia, akaamka mtoto hayupo. Akamwogopa kaka yake. Rehema alipokuja mbio kutoka dukani, yeye akamshika shingo akamwambia ukisema nilikutuma nitakutupa na wewe mtoni. Na mtoto aliponyamaza, na muuguzi akasema apelekwe kwa mtu wa kumfungua kinywa, Zuhura akahofu kitakachotoka. Ndiyo akatafuta mtu wa kukijaza kabla hakijafunguliwa.

Zuhura, usingizi ningekusamehe! Nani hajawahi kusinzishwa na jua la mchana? Ningelia na wewe, tungemzika na wewe. Lakini ukachukua mzigo wako ukamtwisha mtoto wa miaka tisa, kisha ukanipa mimi mama yake nimshikie usimponyoke! Hilo sikusamehe, duniani wala mbele ya haki.

Mume wangu hakumpiga. Alimwambia tu, "Kwangu hukanyagi tena, na jina langu usilitaje." Hakuna mwanamke Mbwera aliyempa tena mtoto hata wa kumbeba mgongoni. Juma halikuisha akaenda Nyamisati kupanda boti ya Mafia. Nilikwenda gatini makusudi anione. Alinipungia mkono, sijui aliomba nini. Nilisimama mikono kiunoni mpaka boti ikapotea.

Madam Husna naye nilimfuata Kibiti. Niliingia ofisi ya ustawi wa jamii, ileile niliyoelekezwa mwanzo nikapuuza. Afisa alikwenda na mtendaji mpaka kwenye kile chumba. Akakisoma cheti cha fremu ya dhahabu, akakisoma tena, akaniuliza kama najua kilichoandikwa. Kilikuwa cheti cha mafunzo ya kupamba kumbi za harusi. Watu waliokuwa mlangoni walicheka. Mimi nilitaka kumrarua. Alifungiwa palepale, na kesi yake iko polisi, nami siku zote za kuitwa nafika wa kwanza. Kibao chake walipokitupa nje nilikiokota, nikakipasua kuni, nikapikia mchuzi. Ulikuwa mtamu!

Sasa Rehema anakwenda kwa mtu wa kweli, mama mmoja wa hospitali. Siku ya kwanza aliniuliza mimi maswali saa nzima kabla hajamgusa mtoto. Alinionyesha vyeti vyake akanisomea kwa Kiswahili, bila mimi kuomba. Alimwambia Rehema mbele yangu yapi yatabaki kati yao na yapi lazima mama ajue. Hakuniahidi siku ya kupona. Mlango hauna komeo, na mtoto akikataa kuingia, haingii, tunakaa nje tunakula embe. Kumbe ndivyo ilivyo! Kumbe hakuna siri ya kungwi hata kidogo.

Wazazi wenzangu, msiuze macho yenu kwa kibao na zulia. Ulizeni mtu huyo kasoma wapi, nani anamtambua, nani kakuletea, na huyo aliyekuletea anataka mtoto aseme nini au anyamaze nini. Mtoto akikushika gauni, usimbandue vidole! Na kabla hujampeleka kwa mgeni yeyote, kaa naye wewe kwanza.

Maana yule mama wa hospitali aliniambia kuna neno ambalo hawezi kunisemea, ni langu. Wiki iliyopita nikapiga magoti mbele ya mwanangu, nikamwambia, Rehema, haikuwa kosa lako, shangazi alikusingizia, na mimi nilikukosea. Nilidhani atanikumbatia. Nilidhani hasira zangu zote zimelipwa.

Alinitazama, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile niliyoililia:

"Mama, mbona wewe hukuniuliza?"