Wenyewe Wametoka Kidogo

Jioni ile nilikuwa nimekwenda kutundika pazia tu.

Naomba hilo lieleweke kabla hujaninyooshea kidole. Sikwenda kutafuta makuu. Jua lilikuwa linazama, kesho yake asubuhi wateja walikuwa wanakuja kuitazama fleti, na dirisha la sebuleni lilikuwa uchi. Nikabeba pazia langu begani, nikapanda hadi ghorofa ya juu, nikafungua mlango na kuuacha wazi ili harufu ya rangi mpya itoke.

Ndiyo kazi yangu hiyo. Nyumba ikikataa kuuzika, madalali wananitafuta. Wao wananiita Mama Pazia, wala sichukii. Soko likichangamka hawanijui. Soko likilala, kama lilivyolala kipindi kile, simu yangu haitulii. Napaka rangi nyeupe panapotaka mwanga, naondoa makabati yanayoziba kona, nafunga balbu za mwanga wa njano kwa sababu ule mweupe unamfanya kila mtu aonekane mgonjwa. Lakini siri yenyewe si rangi. Siri ni watu. Mteja akiingia nyumba tupu anaanza kujiuliza waliokuwamo walikimbia nini. Anagongagonga kuta, ananusa mabomba, anaguna. Kwa hiyo nyumba nikiishika mimi haiwi tupu. Mlangoni naweka ndala za baba, za mama na za mtoto. Mezani naweka vikombe. Bafuni taulo. Kitandani naacha shuka limefunuliwa kidogo upande mmoja, utadhani mtu kaamka sasa hivi. Na mteja akiniuliza, "Wenyewe wapo?" jibu langu ni lile lile siku zote.

"Wapo. Wametoka kidogo, wanarudi."

Uongo mtupu, najua. Lakini ni uongo wa kazini, kama wa muuza nyanya anayepanga nzuri juu.

Sasa, fleti hii haikuwa ya mteja yeyote. Ilikuwa ya mdogo wangu, tumbo moja. Aliishi humo na mumewe mpaka shemeji alipougua ghafla na kufia chumbani. Baada ya mazishi mdogo wangu alifunga mlango, akaja kwangu na begi moja, akalala kwenye kochi langu, na hakurudi kule hata kuchukua sufuria. Nikimwambia twende walau tukafagie, anatikisa kichwa. Alikonda hadi pete ikawa inamvuka kidoleni. Rafiki yake alishamtafutia kazi ya ushonaji mji mwingine, aende akaanze upya, lakini haendi.

"Mpaka iuzwe, dada," alikuwa akisema. "Mpaka iwe ya mtu mwingine. Hapo ndipo nitakuwa nimetoka."

Nilidhani ni majonzi. Mdogo wangu huyu nilimbeba mgongoni mimi mwenyewe, mama akiwa kazini. Nikaapa fleti ile itauzika hata kwa kuimba.

Basi nikapanda juu ya stuli, uso dirishani, mgongo chumbani, kulabu za pazia zimenijaa mdomoni. Nje mwanga ulikuwa unakwisha. Jengo lilikuwa kimya...

"Hodi."

Sauti ya chini. Ya taratibu. Nikajua ni jirani kaona mlango wazi.

"Karibu," nikasema, kulabu zikigongana na meno.

Nikachomeka kulabu moja.

"Wenyewe wapo?"

Mikono ilikuwa juu, akili ilikuwa kwenye pazia, mdomo ukajibu wenyewe.

"Wapo. Wametoka kidogo, wanarudi."

Halafu nikasikia kama mtu anakaa juu ya kitanda, zile chaga zinavyolia polepole...

"Haya. Nitawangoja."

Nikageuka.

Hapakuwa na mtu.

Nilishuka, nikachungulia nje. Ngazi zote tupu, taa ya ukutani inapepesa kama kawaida yake. Nikajicheka kidogo. Ndipo harufu ikanifikia. Harufu ya nguo zilizolowekwa kwenye ndoo, zikasahaulika. Na rangi yangu mpya ilikuwa haijakauka, ilipaswa kuwa inanuka rangi.

Nikasimama katikati ya sebule nikiwaza. Mlango wa mbele uko kushoto kwa dirisha. Sauti haikutoka kushoto. Ilitoka nyuma yangu. Na nyuma yangu palikuwa na mlango mmoja tu, wa chumba cha kulala.

Nilikuwa nimeuacha wazi.

Sasa ulikuwa umefungwa.

Sikuugusa. Pazia nililiacha linaning'inia upande mmoja, nikashuka ngazi zile bila kujua miguu inakanyaga wapi.

Asubuhi nilijikaza kisabuni nikarudi. Jua likiwaka kila mtu ni shujaa. Dalali alinikuta mlangoni, amejipulizia manukato ya kutosha harusi nzima, na nyuma yake mume na mke vijana, mke mjamzito, tumbo limefika puani.

"Mama Pazia, mbona leo sura kama umekesha na mgonjwa?" dalali akanitania.

"Fungua mlango wewe, acha maneno."

Wakapenda. Wallahi wakapenda! Yule mume alisimama dirishani akatabasamu peke yake. Mke akashika vikombe, akasema hapa panakalika, panaonekana pana watu wanaopendana. Kisha akaelekea chumbani, akafungua mlango, na papo hapo akaurudisha taratibu. Akaja kwetu kwa ncha za vidole.

"Samahani," akanong'ona. "Hatukujua kuna mtu amelala."

Mume akarudi nyuma kwa aibu. Dalali akanitazama. Mimi nikacheka kicheko ambacho sijui kilitoka wapi, nikasema ni bibi yetu, hajisikii vizuri. Unaona? Mdomo wangu haujifunzi.

Walipoondoka dalali alinivuta kando, tabasamu limemkauka.

"Umemlaza nani mle?"

"Sijamlaza mtu."

Tulikwenda pamoja. Kitanda kilikuwa kitupu. Lakini shuka nililolifunua kidogo lilikuwa limefunuliwa lote, na godoro lilikuwa limebonyea katikati, umbo la mtu aliyejikunja. Niliweka kiganja.

Palikuwa na joto.

Dalali alikumbuka ghafla kwamba ana mteja mahali pengine.

Jioni nilimkuta mdogo wangu jikoni kwangu akikunja nguo za wanangu. Nikamwambia, nusu kwa mzaha, maana nilitaka acheke ili na mimi nicheke. Nikamweleza habari ya hodi. Sikumaliza. Alikuwa ameshika shati la mwanangu wa mwisho, na mikono yake ikasimama.

"Alikuuliza nini?"

"Kama wenyewe wapo."

"Dada..." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Hukujibu, siyo?"

"Nilijibu. Nikasema wametoka, wanarudi." Akaketi palepale sakafuni.

Ndipo akaniambia. Ilianza wiki waliyohamia. Jua likizama tu, ndani ya chumba chao, mtu anapiga hodi. Si mlangoni. Ndani. Halafu anauliza kama wenyewe wapo. Siku ya kwanza walidhani ni jirani upande wa pili wa ukuta. Shemeji alikuwa mcheshi, hamjui tu, akapaza sauti: "Mwenyewe ndiye mimi hapa, unasemaje?" Wakacheka wote wawili. Homa ilimshika kabla hawajalala, na haikumwachia tena.

"Mimi sikuwahi kumjibu," mdogo wangu akasema. "Hata mara moja. Ndiyo maana redio ilikuwa inalia kutwa, mkawa mnanisema kwamba mimi kiziwi. Anauliza, mimi naongeza sauti. Asiyejibiwa hana njia."

"Na ulitaka tuwauzie watu!"

Alilia. "Najua, dada. Najua. Nilitaka tu amuulize mtu mwingine."

Nilimkasirikia, nikamhurumia, vyote kwa pamoja, na nilimwaza yule mwanamke na tumbo lake akishika vikombe vyangu. Nikampigia dalali mbele yake, nikamwambia asimame kwanza, fleti haiuzwi. Akaanza kunifokea, nikakata.

"Basi, yameisha," nikasema. "Tunaifunga, tunaitupa, ikae hivyo hivyo."

Mdogo wangu alikuwa akitazama mlango wa sebule, kule wanangu walikokuwa wanagombania rimoti.

"Hayajaisha. Umemwambia wanarudi. Akichoka kungoja atatoka kutufuata. Na atatufuata hapa."

Nilimwambia aache upuuzi. Nilimkumbatia. Nilimwekea chakula, akala, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alimaliza sahani. Nilifurahi mimi, mjinga.

Kesho yake nilipotoka kazini kochi lilikuwa limetandikwa vizuri. Begi halikuwepo.

Nilikimbia njia nzima. Kutoka barabarani niliona dirisha la juu, mwanga wa njano, na pazia langu limetundikwa sawasawa pande zote mbili. Nikagonga kwa kiganja. Sikusema hodi.

Alifungua mdogo wangu. Amevaa vizuri, nywele kasuka, anatabasamu. Miguuni alikuwa amevaa zile ndala za mama nilizoziweka mimi. Za baba na za mtoto hazikuwepo mlangoni.

"Karibu, mgeni," akasema kwa sauti ya juu.

Mgeni. Mimi.

"Twende nyumbani," nikamwambia. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na ile harufu ya nguo mbichi ilipanda kutoka kwenye nguo zake. Redio ilikuwa kabatini, imezimwa. Mezani palikuwa na vikombe vitatu, na vyote vinafuka moshi.

Chumbani mtu alikohoa.

Mdogo wangu hakuacha kutabasamu. Machozi yalimtiririka juu ya tabasamu lile lile, akanisogelea kama mtu anayetaka kunibusu shavu.

"Usiniulize kitu chochote chenye jibu," akaninong'oneza. "Ondoka, dada. Naomba."

Kisha kwa sauti kubwa, ya kusikika vyumba vyote: "Asante kwa kupita! Tutaonana."

Akafunga mlango. Niliupiga teke, niliupiga bega, majirani walitoka. Wakanishika. Mdogo wangu alifungua kidogo akawaambia kwa upole kwamba dada yake amechoka na kazi, wanisaidie kushuka. Wakanisaidia. Kila mtu alimwamini yeye.

Nilirudi tena na tena. Nilimleta shehe, nilimleta mchungaji, mpaka polisi mmoja nilimvuta. Aliwapokea wote, akawapa maji ya kunywa, akawaambia anaendelea vizuri. Walitoka wakinitazama mimi kwa huruma.

Halafu ikaja jioni ile.

Wanangu walikuwa mezani na madaftari ya shule. Nilikuwa nafunga madirisha. Mbio za miguu zikasikika ngazini kwangu. Miguu peku, pa, pa, pa, na ngumi mlangoni.

"Dada! Nifungulie! Nimetoka!"

Sauti ya mdogo wangu. Ile ile anayolia nayo tangu mtoto.

Niliufikia mlango kwa hatua sijui ngapi. Nikashika komeo. Ndipo harufu ikapita chini ya mlango... ndoo, maji, nguo zilizosahaulika.

Mkono ukakataa.

"Dada? Upo?"

Mwanangu wa mwisho akafungua kinywa kujibu. Nikamziba kwa kiganja. Nilimkandamiza kifuani kwangu hadi akaanza kujitikisa, na wenzake wakanitazama wakaelewa, wakanyamaza, watoto ambao sijawahi kuwanyamazisha maishani mwangu.

"Dada, najua upo. Naisikia pumzi yako. Dada, anakuja..."

Sikujibu.

Akalia kidogo, kwa kwikwi, kipaji cha uso kikigongagonga ubao wa mlango. Kisha akaacha. Nikasikia kitu kikiketi taratibu kwenye ngazi, nje ya mlango wangu, na baada ya muda mrefu sikusikia tena kitu.

Asubuhi ngazi zilikuwa kavu na safi. Nikaenda kule mbio. Fleti ilikuwa wazi, hewa inapita, inanuka rangi tu. Hapakuwa na mtu. Mdogo wangu hajaonekana tangu siku hiyo, na ile kazi ya ushonaji alishapewa mwingine.

Jirani wa chini alikuwa anafagia. Nikamuuliza kama alimwona.

"Nilimwona jana, jua linazama," akasema. "Alishuka anakimbia, peku, hata salamu yangu hakuitika. Na yule mwenzake akamfuata nyuma, taratibu, anatembea tu."

"Mwenzake gani?"

Akaniangalia kwa mshangao.

"Si huyo anayefanana naye? Mimi nilidhani ni wewe."

Sijui ni yupi aliyetangulia kufika mlangoni kwangu. Nimejiuliza mpaka kichwa kinaniuma. Kama alikuwa mwingine, niliwaokoa wanangu. Kama alikuwa yeye, basi alikimbia njia nzima ile mpaka kwa dada yake, na dada yake alikuwa amesimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo, anamsikiliza.