Kifungo Cheusi na Kifungo cha Buluu

Kila alipotoka shule, Pini alipitia dukani kwa shangazi yake, fundi cherehani. Jina la Pini alipewa na mafundi wa duka hilo, kwa wembamba wake, na kwa sababu kazi yake ya kwanza ilikuwa kuokota pini sakafuni kwa sumaku. Akimaliza hilo, humtungia shangazi uzi kwenye sindano zote.

"Niazime macho yako, mwanangu," shangazi husema. "Yangu nimeyapumzisha."

Siku hizo Pini alikuwa ameanza kushona pindo. La sketi moja lilimwendea upande kama njia ya konokono. Alimpelekea shangazi huku akisubiri kugombezwa, lakini shangazi alilipitisha tu mkononi, akasema, "Safi kabisa." Pini akashangaa, akaiweka sketi drooni.

Mchana, kazi ikipoa, mafundi hucheza sataranji juu ya meza ya kukatia vitambaa. Kete zilikuwa za zamani, na mbili nyeusi zilishapotea. Basi kifungo cheusi cha koti kilikuwa ngome, iendayo moja kwa moja hadi mwisho wa ubao. Kifungo cha buluu iliyokolea kilikuwa askari, mwenda hatua moja moja. Mfalme akitishiwa, mtishaji hutangaza, "Mfalme!" Naye mfalme akikosa pa kukimbilia, mchezo umekwisha.

Mwisho wa mwezi wangecheza na wanawake wa duka la mikate, jirani zao wenye maneno mengi. Kiti kimoja cha upande wao kilikuwa hakijapata mtu.

"Leo ni Pini na shangazi yake," alisema Mama Pacha, fundi wa mashati. "Atakayeshinda ndiye atakayekikalia."

Pini alikuwa amekitamani kiti hicho mwezi mzima.

"Shangazi, leo nakutia mfukoni."

"Mfuko umeushona wewe? Basi nitatokea chini!"

Walicheza taratibu. Mfalme mweupe wa shangazi alijibanza pembeni nyuma ya askari wake, na malkia aliziba njia pekee ya kumfikia. Upande wa pili wa ubao, kwenye njia hiyo hiyo, kilikaa kifungo cheusi. Shangazi alikikodolea macho, akasogeza uso karibu, kisha akamwondoa malkia ili amle farasi wa Pini.

Moyo wa Pini ukaruka. Akakisukuma kifungo cheusi hadi mwisho. "Mfalme!"

"Amebanwa na askari wake mwenyewe!" Mama Pacha akapiga makofi. "Pini, kiti ni chako!"

"Tangu lini askari akakimbia ubao mzima?" shangazi aliuliza polepole.

"Hiyo ni ngome, dada. Kubali yaishe."

"Aa. Kweli, ngome." Shangazi akacheka kidogo, akaanza kukusanya kete.

Pini alipaswa kuruka kwa furaha. Badala yake alikumbuka lile pindo. Akakumbuka zile sindano, na sare nyeusi ambayo mteja aliirudisha juzi kwa sababu imeshonwa kwa uzi wa buluu. Akinyamaza, kiti ni chake. Akisema, atajinyang'anya ushindi na kumwaibisha shangazi mbele ya watu.

"Shangazi," alisema, "sikukushinda. Ulidhani ni kile cha buluu. Na pindo langu lile limepinda. Hilo nalo hukuliona."

Shangazi alivichukua vifungo vyote viwili, akaenda navyo mlangoni penye mwanga, akavigeuza na kuvigeuza.

"Kwangu mimi hivi ni pacha," alisema mwishowe. "Niliogopa kusema. Fundi asiyeona, nani atampa kitambaa chake?"

"Mwenye pacha ni mimi, na hivyo si pacha," alisema Mama Pacha. "Kesho tunakwenda kliniki ya macho. Ukikataa, nitakubeba mgongoni, watu wacheke."

Shangazi hakubebwa, alikwenda kwa miguu yake. Daktari alimpima, akamwambia kwamba anahitaji miwani tu.

Alipoipata, walirudia mchezo. Safari hii aliyejibanza pembeni alikuwa mfalme wa Pini. Shangazi alimleta farasi, kisha ngome, na malkia akamalizia. "Mfalme!" Pini akamtafutia mfalme wake njia huku na huku, wapi! Akaishia kucheka.

"Nimekwisha, shangazi. Kiti ni chako."

"Mwezi ujao utakigombea tena. Ule ushindi wa kwanza ungeweza kukaa nao kimya, asingejua mtu," alisema shangazi. "Lakini ulisema, na kwa kusema kwako nimeipata tena kazi yangu. Endelea hivyo hivyo, mwanangu. Sema ukweli hata ukikukosesha kitu. Na mwili ukikusumbua usiufiche kama nilivyofanya mimi, nenda ukapimwe."

Kisha akafungua droo, akatoa ile sketi, akaitazama kwa miwani yake mipya, akaguna.

"Hili pindo lilikuwa linakwenda wapi? Lifumue, uanze upya."

Pini akanyoosha mkono kuchukua sindano ili atunge uzi. Lakini shangazi alimwahi, akautunga mwenyewe mara moja tu, akampa.