Fomu ya Bweni

Alhamisi, tarehe 12 Juni 1975, saa mbili na robo asubuhi, Lea alifungua sanduku la bati la marehemu baba yake akakuta barua moja. Jana yake zilikuwa mbili.

Iliyobaki ilitoka chuo kipya cha ualimu Mikumi. Nafasi ipo, ilisema, ila mabweni hayajaisha kujengwa, kwa hiyo mwaka wa kwanza mwanachuo akae kwa ndugu. Iliyopotea ilitoka shule ya uuguzi Morogoro. Huko nafasi ilikuwepo na kitanda cha bweni kilikuwepo, mradi fomu ijazwe na ifike kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Ikichelewa, kitanda na nafasi vinakwenda kwa mwingine. Lea alikuwa amezipima barua hizo wiki nzima, akachagua uuguzi. Lori la ushirika lingetoka kijijini kwao Zombo siku hiyo saa nane mchana kupeleka barua Kilosa. Lingine halikuwepo hadi Jumatatu.

Alikimbilia duka la kijiji. Nyuma ya kaunta alikuwepo Mwanakheri, msichana wa miaka ishirini na miwili aliyeishia darasa la saba. Hakuwa msemaji. Lakini mwezi uliopita ndiye aliyegundua nani alikuwa akichanganya mchanga kwenye mchele wa duka, na aligundua kwa kukaa kimya siku nne akitazama mikono ya watu.

"Uliiona mara ya mwisho saa ngapi?" aliuliza Mwanakheri.

"Jana saa sita mchana. Niliisoma, nikafunga kufuli, nikaenda shamba na mama."

"Na ufunguo?"

"Kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila anayekuja kwetu anaujua."

Mwanakheri alifunga duka, jambo ambalo halikuwa limepata kutokea siku ya Alhamisi.

Nyumbani kwa kina Lea watu walikwishakusanyika, na mkosaji walikwishampata. Kizingitini, juu ya sakafu iliyosiribwa jana kwa samadi, palikuwa na alama moja ya kandambili ya tairi. Katika mtaa ule mvaaji pekee wa kandambili za tairi alikuwa Kitashu, kijana mfugaji aliyeleta maziwa kila jioni na aliyezoea kumtania Lea kwamba atamtolea ng'ombe kumi na mmoja.

"Hawa watu wa ng'ombe!" alisema mama mmoja. "Anataka mtoto asisome, amchungie ndama."

Kitashu alisimama uani na fimbo yake, uso umekaza.

"Kitashu, uliingia ndani?" Mwanakheri alimwuliza.

"Nilikuja saa kumi na moja na maziwa. Nikaweka mguu, nikaona sakafu mbichi, nikautoa. Samadi yenyewe nimeleta mimi asubuhi, ndoo mbili. Nitaikanyagaje kazi ya mtu?"

"Na barua?"

"Karatasi nitaifanyia nini, dada? Haikamuliwi."

Mtu mmoja akacheka, wengine wakamkata jicho.

Mwanakheri alichutama mlangoni. Alama ilikuwa moja tu, imetazama ndani, kisigino kiko nje. Kutoka pale hadi pembeni kwenye sanduku palikuwa na hatua tano, na njia nzima sakafu ilikuwa laini, imekauka, haina alama yoyote ila michirizi ya vidole vya msiribaji.

"Mama Lea, nani alisiriba?"

"Wifi yangu," alisema Elizabeti, mama yake Lea. "Amekuja Jumanne kutoka Mikumi kututembelea. Tulimwacha hapa, tukarudi saa kumi na moja. Sakafu ilikuwa bado maji, tukalala wote jikoni. Hakuna aliyeingia humu hadi leo asubuhi."

Shangazi Teresia, dada wa marehemu, alikuwa kwenye kinu akitwanga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Ulianza kusiriba saa ngapi?"

"Saa nane. Saa tisa nimemaliza, nikakaa hapa uani."

"Kabla ya hapo nani alikuja?"

"Mwalimu Simoni alikuja. Alikuwa anamtafuta Lea."

Mwalimu Simoni wa shule ya kijiji hakuficha kwamba alitaka Lea achague ualimu. Alipoitwa alimaliza kwanza vipindi vyake, akafika na chaki vidoleni, na Mwanakheri akamwamkia kwanza.

"Marahaba. Ndiyo, nilikuja jana saa saba," alisema. "Watoto wanajaa madarasani, walimu hakuna. Nilitaka kumwambia Lea afikiri tena. Nikaambiwa yuko shamba, nikaondoka."

"Uliingia ndani, mwalimu?"

"Kwa nini niingie? Nilisimama hapo kwenye kinu. Shangazi alikuwa ndani, kavuta sanduku hadi dirishani. Nilidhani anatoa vitu asiribe."

Mchi wa Teresia ulisita, kisha ukaendelea.

Ilikuwa saa sita unusu. Lea alikuwa akiutazama mwanga wa jua uani kama mtu anayesoma saa ya ukutani.

"Shangazi," alisema Mwanakheri, "lile sanduku uliligusa?"

"Hata. Nilisiriba nikalizunguka. Mambo ya karatasi siyajui, na sanduku la kaka yangu silichokoi."

"Nasi huwa tunalizunguka," alisema Elizabeti. "Tangu marehemu aliweke pale halijaondolewa."

Mwanakheri aliingia. Watu wakajaa mlangoni. Alishika sanduku kwa mikono miwili akaliinua, nalo likabanduka sakafuni kwa mlio mdogo wa kitu kilichogandia. Chini yake, mahali palipotakiwa kuwa na udongo wa kijivu wa miaka yote, palikuwa na samadi mpya, imelainishwa vizuri, na michirizi ya vidole ileile. Kwenye tako la sanduku samadi ilikuwa imekauka.

"Baada ya saa tisa hakuna aliyevuka sakafu hii, ingemtaja," alisema Mwanakheri. "Kitashu aliishia kizingitini. Mwalimu aliishia kwenye kinu. Sanduku liliondolewa kabla ya kusiriba na likarudishwa sakafu ikiwa mbichi. Shangazi, ulilipeleka dirishani upate mwanga wa kuzitambua barua. Ulipofika pembe ile ukaona kiraka kikuukuu. Mwanamke msafi hawezi kukiacha. Ukakisiriba."

Teresia aliuegemeza mchi kinuni, akafungua fundo la pindo la khanga, akatoa bahasha iliyokunjwa mara nne.

"Sikuichoma," alisema. "Moto ulikuwepo, sikuweza."

"Kwa nini, shangazi?" aliuliza Lea.

"Nyumba yangu iko nje ya mstari uliopimwa. Wiki ya mwisho ya mwezi huu tunahamishwa kijiji kipya, na nyumba inavunjwa. Kwa vile chuo hakina mabweni, zinazobaki ni zile zilizoandikwa kwamba mwanachuo anakaa humo. Wanangu wawili nimewazika nyuma ya jiko, Lea. Ungekaa kwangu, nisingewaacha peke yao porini."

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia, ungekubali kwa huruma. Nikaona kuiba ni afadhali." Alijifuta uso. "Ujinga wangu."

Lea alikaa kwenye kigoda na kuiweka fomu gotini. Mahali atakapokaa, iliuliza. Kalamu ilisimama juu ya mstari. Saa saba na dakika ishirini.

"Usinitazame mimi," alisema Teresia kwa ukali. "Nimekwisha kuwa mwizi leo. Usinifanye na mlaji wa maisha yako. Andika."

Lea aliandika: *bweni*.

Mwanakheri alimgeukia Teresia. "Shangazi, kuna mtu ametukanwa hapa tangu asubuhi."

Teresia alivuka ua hadi kwa Kitashu, akapiga goti mbele yake, mtu mzima mbele ya kijana. Kitashu aliruka nyuma.

"Inuka, mama, unanitia mkosi! Basi, yamekwisha." Kisha akawageukia waliomtukana. "Ila nyinyi, kesho maziwa mtafuata wenyewe bomani."

Lori liliwashwa saa nane kasoro dakika tano. Lea alimkabidhi dereva bahasha mkononi, akaisindikiza kwa macho hadi vumbi likatulia. Kisha akakaa kando ya barabara. Mwanakheri alikaa naye.

"Unarudi nyumbani sasa?"

"Narudi. Jumamosi nakwenda na shangazi Mikumi."

"Kufanya nini?"

"Kuna makaburi mawili hayana mawe," alisema Lea. "Nataka tuyazungushie kabla wavunjaji hawajafika."