Kalibu za Mama

Jua lilikuwa linazama Bi Pasi alipoingia chumba cha nyuma kutafuta kalibu. Alikuwa na hasira. Hilo halikuwa jambo geni, maana kwa miezi kumi na moja hakuwa na kitu kingine moyoni, lakini jioni ile hasira ilikuwa imeteremka mpaka kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto, pale mabuti mapya yalipombana.

Jina la Bi Pasi alipewa kazini. Alipiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali, mashuka mia na ushee kwa zamu moja, na wenzake walisema umeme ukikatika huyanyoosha kwa kuyakazia macho tu. Miguu yake ilizoea kusimama. Kutembea ni habari nyingine. Na zilibaki siku nane tu kabla msafara wa mahujaji haujaondoka: siku kumi na moja kwa miguu, mpaka patakatifu. Yeye ambaye hata sokoni hupanda gari.

Alijiandaa kama anayekwenda vitani. Ukutani alibandika karatasi: soksi jozi nne, plasta za malengelenge, sindano, chumvi ya kulowekea miguu, mzigo usizidi kilo sita. Kila asubuhi alijaza begi mashuka mabovu, akaizunguka hospitali mara nne huku walinzi wakimcheka. Acha wacheke.

Nadhiri haikuwa yake, ilikuwa ya mama yake. Miaka saba nyuma kaka yake alilala wodini baada ya ajali, mguu umevunjika mara tatu, daktari anatikisa kichwa. Mama akasema mbele ya watu: mwanangu akisimama, nitakwenda patakatifu kwa miguu yangu. Kaka akasimama. Akaoa, akapata watoto, mama akahamia kwake kuwalea. Na kila msimu wa hija ulipofika, kaka alimpiga danadana. Mwakani, Mama. Mtoto anaota meno, Mama. Hivyo hivyo, mwaka hadi mwaka. Mwaka jana, siku ileile msafara ulipoondoka, mama akafia nyumbani kwa huyo kaka.

"Alilala tu," kaka alisema msibani. "Akapitiliza."

Basi Bi Pasi akaamua atakwenda yeye. Nadhiri ya mama haitaozea kaburini. Watu wakamsifu: kweli unampenda kaka yako. Hapo ndipo damu ilipomchemka hasa.

Chumba cha nyuma kilikuwa karakana ya marehemu baba yake, fundi viatu. Rafuni zilibaki kalibu, ile miguu ya mti ambayo fundi hushonea kiatu juu yake. Mzee alimchongea kila mteja wa kudumu kalibu zake, kwa kipimo cha mguu wake. Na alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuwahi kuuvunja. Mteja akifa, kesho yake baada ya mazishi, kabla ya kugusa kazi yoyote, alizichoma kalibu zake uani. Hakumpa mtu, wala hakuzichonga upya.

"Kalibu ni mguu," alisema. "Mwenyewe akishaondoka, usimbakizie mguu."

Bi Pasi alidhani mzee anapunguza takataka. Tena baba ndiye aliyetangulia kufa, na mama alipofuata hakuwepo fundi wa kukumbuka.

Alizipata kalibu za mama kwenye rafu ya chini. Ile ya kushoto ilipigiliwa kipande cha ngozi pembeni, pale mfupa wa mama ulipotokeza. Saizi ni ileile yake. Mtu akitaka kiatu kilegee upesi hukitia kalibu, hilo alilijua tangu utoto. Akazisukuma ndani ya mabuti. Zikaingia bila ubishi.

"Naomba unipanulie, Mama," alisema, nusu utani.

Akayaweka chumbani kwake, ncha zikitazama ukuta, akaenda kulala.

Wiki ile alikuwa zamu ya jioni. Alitoka nyumbani mchana, akarudi saa mbili usiku. Siku ya kwanza aliyakuta mabuti yanatazama mlango. Akadhani ameyageuza mwenyewe. Siku ya pili soli zilikuwa na udongo mwekundu, na uani kwake ni sementi tupu.

Siku ya tatu aliikuta harufu.

Kafuri. Kafuri na mafuta ya kuchulia... Mama alijichua miguu kwa dawa ile kila jioni, na chumba kizima kilinuka hivyo kwa miaka. Bi Pasi alisimama kizingitini, nywele zimemsimama. Kisha hasira ikamrudia, na kwa hasira aliona vizuri zaidi kuliko kwa woga. Kuna mtu ana ufunguo. Kuna mwanaharamu anavaa mabuti yangu. Kesho yake akabadilisha kufuli.

Jioni ile soli zilikuwa na udongo mbichi.

Siku mbili kabla ya safari, kiongozi wa msafara alikagua viatu vya wote. Watu walimwita Mzee wa Filimbi, tarishi mstaafu aliyekwisha kutembea njia ile zaidi ya mara ishirini, na ambaye hakuzungumza na mtu kabla hajamtazama miguuni. Akayageuza mabuti ya Bi Pasi, akapitisha kidole kwenye kisigino.

"Haya umeyavaa muda gani?"

"Wiki mbili. Tena kidogo kidogo."

"Mama, mimi nimekula chumvi nyingi barabarani. Kisigino hiki kimeliwa upande. Aliyeyavaa anakanyaga nje, mguu wa kushoto unamuuma." Akamtazama miguu. "Na wewe hukanyagi hivyo."

Bi Pasi alimpokonya buti. Akamwambia ashughulike na filimbi yake.

Siku ya mwisho alikuwa mapumziko. Alikuwa anapanga begi kitandani, soksi juu, plasta mfuko wa pembeni, mabuti yamesimama kwenye kona na kalibu zake ndani, mlango ulipofunguliwa bila hodi. Kaka yake. Hakuwa amekanyaga pale tangu arobaini ya mama. Alikuwa amekonda, shati limemning'inia, na alichechemea kuliko zamani.

"Nikae hapa mpaka giza liingie," alisema. "Halafu nitaondoka."

"Kwako pamefanya nini?"

Kaka alikaa ukingoni mwa kiti, anatazama dirisha. Nje mwanga ulikuwa unageuka wa kijivu.

"Mke wangu ameondoka na watoto," alisema mwishowe. "Mdogo wangu, nikikuambia utanicheka."

"Sina kicheko nawe."

"Kuna mtu anakuja mlangoni. Kila magharibi, siku ya sita leo. Hapigi hodi kwa mkono. Anagonga kwa ncha ya kiatu, mara tatu... halafu anasimama. Nikichungulia chini ya mlango naona mabuti. Na kuna harufu ya..."

"Ya kafuri."

Kaka alimgeukia. Kisha macho yake yakahamia kwenye kona, yakatua kwenye mabuti.

Bi Pasi naye alielewa. Mama aligonga hivyo siku zote, kwa mguu, kwa sababu mikono yake haikuwahi kuwa mitupu alipokwenda kwa mwanawe. Beseni, mtoto mgongoni, vikapu. Kwa binti yake alikuja mikono mitupu, na mara chache. Kwa hiyo mama amepewa miguu, binti yake ndiye aliyempa kwa mkono wake mwenyewe, na hakwenda patakatifu. Hakusimama hata dakika moja kitandani kwa binti aliyenunua mabuti. Alikwenda kwa huyu.

Iliuma. Kuliko msiba wenyewe, iliuma.

"Anataka nini kwako?" aliuliza.

"Sijui."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Anataka nini?"

Kaka alijifuta uso kwa kiganja. Alizungumza kwa kunong'ona, kama anayeogopa kona ile isisikie.

"Mwaka jana alikuwa ameshafunga mzigo. Alisema safari hii haombi ruhusa. Kutembea siku kumi na moja na miguu ile... Nilimhurumia."

"Ulimfanya nini?"

"Watoto walikuwa kwa bibi yao mwingine, mke wangu yuko kazini. Nikafunga mlango kwa nje. Nikasema msafara ukishatoka nitamfungulia. Nikaenda kazini."

Bi Pasi aliiweka chini soksi aliyokuwa anaikunja.

"Jirani aliniambia aligonga kutwa," kaka aliendelea. "Kwa mguu. Alidhani tunatengeneza kabati. Niliporudi magharibi... mlango haukufunguka vizuri. Kulikuwa na kitu kimeuzuia kwa ndani." Akafunika macho. "Mguu wake."

Alilala tu. Akapitiliza. Miezi kumi na moja watu wamempa huyu mtu pole, wamemshika mkono, wamesema mama amefia mikononi mwa mwanawe. Bi Pasi alijua kwamba angekuwa na pasi ya moto karibu wangezungumza mengine.

"Zitoe zile kalibu," kaka alisema. "Nakuomba. Baba alituambia."

"Baba alikuambia pia umfungie mkewe ndani?"

"Dada..."

Ngo.

Kaka alitazama mlango.

Ngo... ngo.

Ilitoka kwenye kona. Ncha ya buti la kushoto ilikuwa inagusa ukuta. Bi Pasi hakuliona likisogea. Aliona tu kwamba lilikuwa mbali na ukuta, na sasa limeugusa. Harufu ya kafuri ikajaa chumba mpaka macho yakawawasha. Kaka aliteremka kitini akapiga magoti sakafuni, mtu mzima, analia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Bi Pasi alikwenda kwenye kona. Ifahamike wazi kwamba hakwenda kwa huruma. Alikwenda kwa sababu kesho alfajiri alikuwa na safari, na mabuti ni yake. Alishika kalibu ya kulia akavuta. Haikutoka. Akaweka goti, akavuta tena, na ndipo ilipotoka, taratibu, kwa mlio wa mguu unaovuliwa soksi mbichi.

Ilikuwa na joto. Mti ule ulikuwa umelowa jasho.

Akaitoa na ya pili, akazitupa zote kwenye jiko la mkaa uani. Ziliwaka kwa moshi mweusi, na kile kipande cha ngozi kikajikunja kabla hakijashika. Kaka alisimama mlangoni anaangalia mpaka zilipokuwa majivu.

"Ahsante," alisema.

"Nikirudi nitawakalisha ukoo mzima. Utarudia maneno hayo mbele yao, neno kwa neno. Sasa ondoka kwangu."

Aliondoka akichechemea. Bi Pasi alilala usingizi mzito, bila ndoto.

Alfajiri alivaa soksi, nyembamba kwanza, nzito juu yake. Akaingiza miguu kwenye mabuti. Yalikuwa laini kabisa. Hayakubana popote. Alijaribu kutembea chumbani akajikuta anatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, akabeba begi na kutoka.

Mahujaji walikusanyika kwenye uwanja wa shule, watu sitini hivi, mvuke unawatoka mdomoni. Mzee wa Filimbi aliwahesabu, akapuliza, wakaanza. Bi Pasi alikuwa mstari wa tatu. Walifika njia panda ya kwanza, msafara ukaenda kulia.

Yeye akaenda kushoto.

Alidhani amesahau kitu. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa kwa hatua ishirini za kwanza, huku mwanamke aliyekuwa nyuma yake akimwita. Hatua ya hamsini alijaribu kusimama. Hatua ya mia alikuwa anakanyaga nje, upande, na mguu wa kushoto ulimuuma mahali ambapo haujawahi kumuuma. Alishika nguzo ya umeme kwa mikono miwili. Mikono ikaachia.

Alizitambua nyumba. Duka la mkate, bado limefungwa. Ukuta wa bluu... ngazi tatu... Mlango wa kaka yake.

Akasimama. Mbali kule filimbi ilisikika, na baada yake watu wakaanza kuimba. Bado angeweza kuwafikia. Saa moja ya mwendo wa haraka, si zaidi.

Akainama, akafungua kamba kwa vidole vilivyokufa ganzi, akavua buti la kulia, kisha la kushoto. Yalitoka bila tabu yoyote. Akayachungulia ndani. Matupu, ya baridi, mabuti tu. Alivua na soksi, akavitupa vyote barabarani kwa nguvu, akasimama peku juu ya sementi, anahema. Basi. Atawafuata hata peku. Atakwenda na malengelenge, atakwenda kwa magoti, lakini nadhiri ya mama itafika.

Akageuka aondoke.

Mguu wake wa kushoto ukanyanyuka wenyewe. Kalibu ziliungua, lakini mguu wa saizi ileile ulibaki.

Ngo... ngo... ngo.

Ndani, kitu kizito kama mguu mbovu kiliburutwa sakafuni kuelekea mlangoni. Kisha kimya. Kisha sauti ya kaka yake, karibu sana, mdomo umegusana na mbao.

"Mama?"

Bi Pasi alifungua kinywa amwambie ni mimi, mdogo wako, usiogope. Maneno yalikuwepo. Hakuna kilichomzuia kuyasema. Lakini alikumbuka ule mlango uliofungwa kwa nje, kutwa nzima, na akafumba kinywa.

Waimbaji walikuwa wameshavuka mto, sauti zao hazikusikika tena. Mguu ukanyanyuka mara ya pili, na safari hii hakujaribu kuuzuia.