Sarafu Saba Zilizopindwa

Raymond Larter alifika shambani kwa Hazel Goffin saa tisa alasiri, mwezi wa Novemba, wakati kule Norfolk, nchi ya baridi, jua huwa limeshaanza kuaga. Alimkuta Hazel mlangoni, anavua mabuti yaliyojaa tope.

"Umechelewa, Ray. Lisaa limoja tu giza linaingia."

"Linanitosha."

"Basi anzia kona ya bwawani. Dereva wa trekta tuliyemkodi safari hii kailima yote. Marehemu baba hakuwahi kuigusa, wala babu. Walikuwa wanaizunguka tu."

"Kwa nini?"

"Ungewauliza wao. Ukiokota taji la malkia, mimi ndiye wa kwanza kulivaa."

Raymond alicheka. Kicheko chenyewe kilimshangaza, maana kilitoka kikiwa kimekauka. Mkewe Glenys alikuwa amekufa majira ya baridi mawili yaliyopita, na tangu hapo kulikuwa na siku zilizoanza na kuisha bila yeye kufungua kinywa. Alikuwa fundi wa mabasi, akastaafu. Sasa alikuwa na mashine yake ya kutafutia vyuma ardhini, sepeto fupi, na mashamba ya watu wengine.

Alivaa hedifoni masikioni, akaanza kutembea polepole, akiipeleka mashine kushoto na kulia juu ya udongo mweusi.

Haikupita dakika tano, mashine ikalia. Mlio mwembamba, safi. Mlio wa fedha.

Akapiga magoti, akachimba. Akatoa sarafu ya peni sita, kongwe, yenye sura ya mfalme mwenye nywele ndefu. Ilikuwa imepindwa mara mbili, kama herufi S. Moyo wake ukapata joto kidogo. Sarafu za hivyo alizifahamu: zamani kijana akimpenda msichana, aliipinda sarafu ya fedha akampa awe nayo.

Hatua tisa mbele, mashine ikalia tena.

Sarafu nyingine. Imepindwa vilevile.

Hatua tisa tena. Ya tatu. Ya nne...

Alipokuwa akiifuta ya nne kwa kidole, aligundua kwamba hedifoni hazijanyamaza. Mashine ilikuwa imelala chini, haiguswi, lakini masikioni mlikuwa na kitu. Si mlio.

Mtu anavuta pumzi.

Akazivua. Shamba kimya. Kunguru mmoja juu ya ua wa miti, na upepo. Akazivaa tena.

Pumzi. Inaingia, inatoka. Kama ya mtu aliyekaa sana kwenye baridi.

"Nyaya zimeingia unyevu," alijiambia kwa sauti, ili tu asikie mtu akiongea.

Akaendelea. Ya tano. Ya sita. Harufu ilianza kupanda kutoka ardhini, harufu ya sufu iliyolowa na majivu baridi. Aliposimama kunyoosha mgongo, akageuka, akaviona vishimo vyake sita katika mwanga ule wa mwisho. Havikukaa ovyo. Vilikuwa vimeizunguka kona nzima kwa duara, na palibaki pengo moja tu.

"Bado moja..."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ndani ya hedifoni, karibu kabisa.

Raymond alijua la kufanya: kuzirudisha sarafu zote, kuzifukia, kurudi kwenye gari. Aliingiza mkono mfukoni akazishika. Hata hatua moja alishaipiga kuelekea kishimo cha sita.

Sauti haikumtisha. Haikupanda. Ilimuuliza tu, taratibu, kama mtu anavyomuuliza wa nyumbani kwake:

"Umechoka?"

Miaka miwili hakuna aliyemuuliza swali hilo. Daktari alimuuliza habari za presha. Binti wa dukani alimuuliza kama anataka mfuko. Raymond alisimama pale kwenye tope, machozi yakamtoka bila hodi.

"Ndiyo," alinong'ona. "Nimechoka sana."

Kisha akaenda kwenye pengo, akachimba sarafu ya saba.

Pumzi ikakatika.

Hedifoni zikawa kimya kabisa. Alirudi kwenye gari gizani, haraka haraka, bila kutazama nyuma. Usiku ule alilala kama jiwe.

Asubuhi alishuka jikoni. Sarafu saba zilikuwa mezani pale alipoziacha, juu ya gazeti. Zote zilikuwa zimenyooka. Bapa, bila hata alama ya kukunjwa, kama zimetoka kiwandani jana.

Alikuwa bado amesimama anazitazama, simu ikalia.

"Ray, mbona jana umeondoka bila kuaga?" Alikuwa Hazel. "Au uliona haya kunitambulisha?"

"Kukutambulisha kwa nani?"

"Huyo mwenzako. Niliwaona kupitia dirishani, kwenye mwanga wa taa ya uani, mkienda garini. Yeye nyuma yako kidogo, kajifunika shali. Nikasema afadhali, Ray kapata mtu wa kuongea naye."

Raymond alivuta kiti, akakaa.

"Hazel. Kona ile... hakuna chochote ulichowahi kusikia?"

"Maneno ya bibi tu. Alisema zamani sana palikuwa na mjane, Margery Pask. Ng'ombe wakafa kijijini, watu wakasema karoga. Hawakumnyonga, walimfukuza tu kwenye kibanda chake, ikawa usiku wa barafu kali. Akapita kwenye nyumba zote saba za kijiji akigonga. Hakuna aliyemfungulia. Asubuhi wakamkuta bwawani, kaganda. Wakamzika hapohapo, na kila nyumba ikatoa sarafu ikaipinda, wakazifukia kumzunguka, ili asije akarudi kugonga." Akacheka kidogo. "Bibi alikuwa anatutisha tusiende kucheza bwawani. Wewe unaulizia nini?"

"Aliroga kweli?"

"Nitajuaje mimi? Mtu wa peke yake husemwa mengi. Sasa huyo mama ni nani, Ray?"

Raymond alifungua kinywa ili akane.

"Ni rafiki," akasema. "Tumejuana juzi juzi."

Akakata simu. Nyumba ilikuwa kimya, kimya kilekile cha miaka miwili.

Mlango wa mbele ukagongwa.

Polepole. Mara tatu. Kama anayegonga hatarajii kujibiwa.

Raymond aliinuka. Kupitia kioo cha mlango hakuona kivuli cha mtu. Alikishika kitasa, na kwa muda mrefu hakukigeuza.

Halafu akafungua.

Hakukuwa na mtu. Baridi kali ilimpita ubavuni ikaingia ndani, na juu ya vigae vya sakafu nyayo za majimaji zikaanza kujichora, moja baada ya nyingine, za miguu mitupu, midogo, zikielekea jikoni.

Aliusikia mguu wa kiti ukiburuzwa.

Raymond alisimama kizingitini, barabara yote mbele yake ni nyeupe kwa mwanga wa asubuhi. Angeweza kukimbia.

Akaufunga mlango taratibu, yeye akiwa ndani.