Beseni la Nyuki

Kila asubuhi kabla ya shule Agatha alibeba ndoo kwenda bombani. Maji ya Newala ni ya kusubiri: foleni ndefu, bomba linatoa kidogo kidogo, na shingo ikiuma hakuna wa kumlilia. Akirudi, ilibaki kazi moja, kujaza beseni lenye mawe karibu na mizinga ya mama yake, nyuma ya nyumba. Nyuki hutua juu ya mawe wakanywa bila kuzama.

Wiki hiyo alichoka kwelikweli. "Hawa wana mabawa," alijisemea, "watajitafutia." Maji yao akanawia miguu, akaenda zake shuleni.

Jumamosi alikuja jirani, Mama Gasper, amembeba mwanawe. Mdomo wa mtoto ulikuwa umevimba.

"Shikamoo," alisema Agatha.

"Marahaba. Niitie mama yako."

Mama Agatha alitoka jikoni akijifuta mikono.

"Jirani, nyuki wako wamejaa kwenye ndoo zangu," alisema Mama Gasper. "Gasper kachota maji ya kunywa, wamemuuma. Nimevumilia, sasa basi. Waondoke leo."

"Pole sana, jirani." Mama alimgeukia binti yake. "Agatha, beseni lao unalijaza?"

"Nalijaza kila siku, mama."

Mama alikaa kwenye kigoda kwa uchovu. Nyuki wale aliwapenda mno. "Basi hakuna la kufanya. Kama wana maji kwao na bado wanavamia ndoo za watu, hawafai kukaa katikati ya nyumba. Jioni nitawatoa kwa moshi, waende zao."

Alianza kukusanya matambara ya kuwasha. Agatha alimtazama, roho ikamuuma, akashindwa kunyamaza.

"Mama, nimedanganya. Beseni ni kavu tangu Jumatatu. Nilichoka. Mama Gasper, naomba unisamehe."

Mama Gasper alishusha pumzi. "Kumbe ni kiu. Hata mimi hilo bomba linanimaliza. Haya, wapeni maji. Wakiziacha ndoo zangu, sina neno."

Agatha alilijaza beseni siku ile na kila siku iliyofuata. Taratibu nyuki wakarudi kwenye mawe yao, na Gasper akanywa maji kwa amani.

"Kuchoka si kosa, mwanangu," mama alimwambia. "Hata mimi nachoka. Ungeniambia, ningelijaza mwenyewe. Lakini ulipodanganya, nilikuamini, na nusura niwafukuze wasio na kosa."